Babu yako alikuwa manowari? Mwongozo kamili wa kumtafuta na kumkumbuka

Kwetu Mombasa kila ukoo una babu aliyekwenda vitani, na kila babu wa namna hiyo meli yake ilizama akaogelea siku tatu kashika ubao. Wa kwetu pia. Ami yangu alikuwa akiisimulia hiyo kila Idi baada ya biriani, na mie niliiamini mpaka nikawa mtu mzima na watoto, mpaka siku tulipofungua sanduku la marehemu nyanya tukakuta karatasi imekunjwa mara nne, ina namba, ina tarehe, na ina neno TANA. Bas mie nikaingia intaneti kutafuta meli inaitwa Tana. Miezi sita jamani. Miezi sita natafuta picha ya meli ambayo haikuwahi kuelea hata siku moja, nitaeleza huko chini kwanini, ili wewe usipoteze muda kama mie.

Haya nayoandika ni kwa yeyote mwenye babu, babu mkubwa, mjomba au baba aliyetumika majini wakati wa vita, iwe vile vya kwanza au vya pili, na anataka kujua alifanya nini hasa na amkumbuke vipi. Fuata kwa mpangilio, usikimbilie kwenye kompyuta kabla hujamaliza hatua mbili za mwanzo, maana kule bila jina sawasawa na bila tarehe utazunguka tu.

1. Wazee kwanza, na iwe wiki hii

Karatasi zitakungoja, wazee hawangoji. Nenda kwa mtu mzima kuliko wote mliyenaye, nenda asubuhi wakati akili imetulia, shikamoo, kaa, kunywa chai, usimtolee simu usoni mara tu umefika. Halafu muombe ruhusa, sema shangazi nataka nirekodi usemayo kuhusu babu ili watoto waje wasikie. Weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kurekodi, hili dogo lakini mie nilipigiwa simu katikati na rekodi ikakatika palepale shangazi alipotaja mji aliotoka babu alipokuwa akirudi, na alipoanza upya akataja mwengine.

Usiulize "mwaka gani". Mzee akikutajia mwaka ujue amekukisia tu asikuvunje moyo. Uliza kwa matukio: alipoondoka wewe ulikuwa umezaliwa? Unanyonya ama unakwenda chuoni? Fulani alikuwa ameshaolewa? Alirudi kabla ya msiba wa nani? Ukishapata matukio matatu manne utajifungia mwaka mwenyewe. Uliza pia alirudi na nini, alikuwa akila chakula gani huko, alivaa nini, sauti gani ilikuwa ikimshtua usiku. Shangazi yangu hakujua meli lakini alijua kwamba babu alikuwa akienda kulala kambini Kilindini na kurudi nyumbani kila baada ya siku kadhaa na mikate, na hilo peke yake lilitosha kuua hadithi ya ubao kama ningekuwa nasikiliza vizuri.

Sikiliza maneno ya zamani maana ndiyo ramani yako. Vita vya Mjerumani ni vile vya 1914 hadi 1918, vita vya Hitila ni vya 1939 hadi 1945, na mzee akisema "vita" tu muulize vya nani. Bukini ni Madagaska, Siloni ni Sri Lanka ya leo, Bama ni Burma, Uhabeshi ni Ethiopia. Keya ni lile jeshi la nchi kavu la Waingereza, na hapa kuna mtego: kwa wazee wengi kila aliyevaa sare alikuwa Keya, hata kama maisha yake yote aliyamaliza majini. Na mtego wa pili ni neno manowari lenyewe, maana wengine wanasema "alikuwa manowari" kwa mtu aliyekuwa baharia wa meli ya vita, wengine kwa aliyekuwa kuli bandarini akipakia hizo manowari, na wengine kwa aliyekuwa melini ya mizigo tu. Zote kazi za vita na zote za heshima ila kumbukumbu zake ziko sehemu tofauti kabisa, kwahivyo uliza: alikuwa akilipwa na nani? Alikuwa na namba? Alikuwa na bunduki ama makaa?

Ukimaliza tuma hiyo rekodi kwa watu wawili siku hiyohiyo. Simu huibiwa.

2. Sanduku, na jinsi ya kutoliharibu

Kila nyumba ina sanduku au mkoba wa plastiki chini ya kitanda. Uombe ufungue mbele ya watu, usifungue peke yako, fitina za mali zinaanziaga hapo.

Unatafuta cheti cha kuachishwa kazi au cha utumishi, barua, picha, medali, kipande cha zamani, hata kitambaa. Cheti cha utumishi cha Royal Navy, yaani jeshi la majini la Uingereza, ni karatasi moja inayoorodhesha meli moja baada ya nyingine na tarehe za kuingia na kutoka, pamoja na tabia yake, na ukiona VG maana yake tabia nzuri sana. Angalia pembe za karatasi. Kama pembe moja imekatwa kwa makusudi hiyo ilikuwa alama ya mtu aliyefukuzwa kwa aibu, kwahivyo ukiikuta usiirushe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kabla hujazungumza na wakubwa.

Picha nazo zinasema mengi ukijua pa kutazama. Kofia ya baharia ina utepe wenye maandishi, na wakati wa amani utepe ule ulikuwa na jina la meli, lakini wakati wa vita vya Hitila majina yaliondolewa ikabaki H.M.S. tu, yaani meli ya Mfalme, ili adui asijue nani yuko wapi. Kwahivyo ukiona utepe una jina kamili picha hiyo yaelekea ni ya kabla au baada ya vita, ukiona H.M.S. peke yake usijisumbue kukuza herufi, hakuna kitu hapo. Mkono wa kushoto nanga moja ni kiongozi wa mabaharia, nanga mbili zilizopishana ni cheo cha juu yake, na zile V za chini ni miaka ya tabia njema. Mkono wa kulia huwa ni alama ya kazi, mfano rafadha ya meli kwa watia makaa na watu wa injini. Geuza kila picha nyuma, jina la studio na mji vinakwambia alipita wapi. Mie nilipeleka picha ikapigwe skana kwenye studio moja mjini wakaniletea upande wa mbele safi kabisa na ya asili wakaibandika kwenye kadibodi kwa gundi, maandishi ya nyuma yakaenda na maji. Kwahivyo skani mwenyewe, pande zote mbili, dpi 600, kabla haijatoka nyumbani.

Usiiwekee karatasi plastiki ya moto, usibandike selotepu, usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, tumia penseli laini. Na kwa sisi wa pwani joto la unyevu ndio adui mkubwa, vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, tia ndani ya sanduku.

Medali usizisugue! Najua mkono unawasha, lakini medali za vita vya kwanza zimechongwa jina na namba kwenye ukingo, na kila ukisugua unalifuta jina la mwenyewe. Za vita vya pili nyingi za Waingereza zilitolewa bila jina, kwahivyo hazitakwambia ni za nani ila zitakwambia alikuwa wapi. Nyota yenye utepe wa buluu nyeusi, nyekundu na buluu nyepesi kwa mapana sawa ni ya 1939 hadi 1945. Utepe wenye nyekundu katikati na machungwa kwenye buluu pande mbili ni nyota ya Burma, na mabaharia waliotumika Ghuba ya Bengal waliipata pia. Ile ya duara yenye simba amemkanyaga joka lenye vichwa viwili ni medali ya vita, hiyo walipewa wengi.

3. Jina lake, yaani majina yake

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Karani Mzungu aliandika alivyosikia, na alisikia vibaya. Chukua karatasi uandike kila namna jina linavyoweza kuandikwa: Mbaruk, Mubarak, Mabruk, Mabruki. Heri, Kheri, Khery. Hamisi, Khamis, Amis. Rashidi na Lashidi. Na jina la baba linaweza kuwa limeunganishwa kwa "bin", kwa "wa", au kwa s/o, na mara nyingi jina la kwanza ndilo limewekwa mahali pa jina la ukoo. Wengine walijiandikisha kwa jina la kaka yao aliyekuwa na karatasi, wengine wakaongeza umri, wengine wakapunguza. Kama ndugu wanabishana jina lake halisi lilikuwa lipi, andika yote mawili, usiamue.

Namba ya utumishi ni bora kuliko jina. Majuma bin Hamisi wako mamia, namba yake ni yake peke yake.

4. Alikuwa upande gani hasa?

Hii hatua ndio nene kwasababu usipojua kikosi hujui ofisi ya kuandikia.

Kama ni vita vya Mjerumani kuna mambo matatu ya kufikiria. Kwanza kuna Masidi, ndio jina ambalo Waingereza waliwaita mabaharia wa Kiafrika waliokuwa wakiwaajiri Zanzibar, Aden na Bombei kwenye meli zao za vita, wengi wao watia makaa, tangu zile enzi za kukamata majahazi ya watumwa. Ukikuta neno Seedie mbele ya cheo kwenye karatasi si jina la mtu, ni kundi. Pili kuna Zanzibar yenyewe: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Mjerumani Königsberg ilitoka Rufiji ikaikuta HMS Pegasus imetia nanga bandarini Unguja inatengenezwa injini, ikaipiga mpaka ikazama, na waliokufa wakazikwa kisiwani Chapwani ambako makaburi yapo mpaka leo. Königsberg nayo ilifungiwa deltani Rufiji hadi ikamalizwa Julai 1915. Familia nyingi za Kibiti na Rufiji zina hadithi za wakati ule, na nyingine ni za watu waliobebeshwa mizigo na mizinga tu, hawakuwa mabaharia.

Tatu kuna maziwa, na watu wa Kigoma, Kalemie na Bujumbura hapa msikilize. Vita vya majini kwenye Ziwa Tanganyika vilikuwa vya kweli. Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, wakazivusha nchi kavu kupitia Kongo kwa treni, ng'ombe na migongo ya watu. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata Kingani ya Mjerumani wakaibadilisha jina ikawa Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Goetzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ndio hiyohiyo MV Liemba waliyopanda babu zenu na nyie. Somo lake: meli inaweza kuwa na majina mawili, kwahivyo bibi akisema alikuwa Goetzen na mjomba akasema alikuwa Liemba huenda wote wanasema kweli kwa miaka tofauti.

Vita vya Hitila sasa. Kenya ilikuwa na kikosi chake cha wanamaji wa kujitolea tangu 1933, kwenye karatasi utakiona kama KRNVR, na Tanganyika na Zanzibar navyo vilikuwa na vikosi vidogo. Kazi yao kubwa ilikuwa kulinda bandari, kusafisha mabomu ya baharini, doria, boti za kuvuta meli. Baada ya vita mambo hayo yaliunganishwa mpaka likawa jeshi la majini la Afrika Mashariki lililovunjwa 1962, kwahivyo ukikuta karatasi ya 1955 imeandikwa Royal East African Navy hiyo si ya vita, ni ya baadaye, usichanganye.

Mwaka wenyewe wa Mombasa ni 1942. Wajapani walipiga Colombo tarehe 5 Aprili na Trincomalee tarehe 9 Aprili, wakazamisha manowari kadhaa za Muingereza ikiwemo HMS Hermes, manowari ya kubebea ndege, na Waingereza wakaona Siloni hapakaliki, wakauhamishia msafara wao mkubwa wa Bahari ya Hindi Kilindini. Mji ukajaa wanamaji. Mwezi wa 5 mwaka huohuo wakaivamia Diego Suarez kule Bukini. Mzee akikwambia "manowari zilijaa mpaka Likoni" anakupa tarehe bila kujijua.

5. Meli ambazo si meli

Royal Navy ina desturi moja ya ajabu, kambi ya nchi kavu nayo huandikwa kama meli, na mtu aliyelala miaka mitatu kwenye banda la mabati cheti chake kitasema alikuwa "ndani" ya HMS fulani. HMS Tana ilikuwa kambi ya Kilindini. Ndio hiyo niliyoitafuta miezi sita. HMS Lanka ilikuwa Colombo. Na utamu zaidi, vituo vyao vya ndege walivipa majina ya Kiswahili: HMS Kipanga kwetu Mombasa, HMS Kilele Tanga, HMS Korongo ilikuwa Nairobi ambako hakuna hata bahari ya kunawia miguu, na HMS Kongoni ilikuwa Durban. Ukikuta mojawapo ya hayo majina kwenye cheti cha babu usiende kutafuta ilikozamia.

Na usivunjike moyo. Chini ya kambi ya Kilindini ndio wale waliokuwa wakisoma siri za redio za Wajapani, walikaa kwenye skuli ya Allidina Visram, ile ile ambayo nusu ya wasomaji wangu wa Mombasa wamepita nje yake na matatu. Aliyepika, aliyelinda geti, aliyeendesha boti ya kuwapeleka, wote wako chini ya HMS Tana.

Ukiwa na meli ya kweli, ya chuma na maji, ingia naval-history.net na uboat.net, ni bure, zina mienendo ya meli za vita. Andika meli ilikuwa wapi katika zile tarehe za cheti tu, si maisha yake yote, maana watu wengi wanasoma kwamba meli fulani ilipigana mahali pakubwa 1941 wakati babu aliingia 1943.

6. Ofisi na mafaili

Uingereza kuna National Archives kule Kew, London, na katalogi yao inatafutika bure mtandaoni. Mafaili ya wanamaji yanaanza na ADM. ADM 188 ni mabaharia wa kawaida walioingia hadi miaka ya 1920, ADM 171 ni orodha za medali, ADM 53 ni madaftari ya safari za meli, ADM 199 ni ripoti za vita vya pili pamoja na misafara ya meli. Kwa kumbukumbu binafsi za vita vya pili unajaza fomu ya serikali ya Uingereza ya kuomba rekodi za marehemu mwanajeshi, huenda ukatakiwa cheti cha kifo na uthibitisho kwamba wewe ni ndugu wa karibu, kuna ada, na kuna kungoja kwelikweli. Kwenye fomu hiyohiyo taja majina yote ya ile karatasi ya hatua ya 3. Na kama hakuwahi kuchukua medali zake wakati wa vita vya pili, ofisi yao ya medali bado inampa ndugu halali ikithibitika alistahili.

Lakini waliotumika kwenye vikosi vya hapa usitegemee London peke yake. Nenda Kenya National Archives, ile nyumba ya Moi Avenue Nairobi, beba kitambulisho, muombe mtu wa dawati kwa jina la kikosi na si kwa jina la babu, maana mafaili yamepangwa kwa idara. Zanzibar nyaraka ziko Kilimani, Tanzania bara ziko Upanga, Dar. Kenya Gazette za zamani ziko bure kwenye Google Books na unaweza kutafuta neno ndani yake. Magazeti pia: Baraza lilianza 1939, Mambo Leo lilikuwepo tangu 1923, na habari za vita zilijaa humo, barua za askari zikiwemo. Siku nzima ya kusoma Mambo Leo haipotei, hata usipompata babu utacheka na matangazo.

7. Kama hakurudi

Kama alifia kwenye utumishi nenda kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita, CWGC. Wao wanahesabu waliofia utumishini kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947, na si lazima awe aliuawa, hata malaria inahesabika. Usitafute kwa jina kwanza. Tafuta kwa tarehe na kikosi kisha usome majina kwa macho yako, utashangaa jina la babu lilivyoandikwa.

Mfano mzuri, na mchungu, ni Khedive Ismail. Meli hii ya kubeba askari iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 ndani ya msafara ulioitwa KR 8, inakwenda Colombo. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, karibu 1,000 ni wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki namba 301, wengine wanamaji, manesi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 Februari, Jumamosi mchana, karibu na Maldivi nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga topido mbili na meli ikaenda chini kwa dakika chache mno. Manowari za ulinzi Petard na Paladin zikalazimika kuangusha mabomu ya kuulia nyambizi pale ambapo watu walikuwa wakiogelea. Nyambizi ilizamishwa pia. Walikufa 1,297 na waliookoka ni kidogo zaidi ya 200. Weka tarehe 12/02/1944 na neno East African Artillery kwenye orodha ya CWGC uone majina yanavyoshuka, Wakamba, Wajaluo, Wanyamwezi, watu wa Uganda, wengine jina moja tu. Ukumbusho wao ni East Africa Memorial ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road.

Na sasa niseme ninavyohisi mie: ile hadithi ya ubao na kuogelea ni ya hawa. Msafara uliondokea kwetu, habari ilirudi kwetu kwa minong'ono kwasababu magazeti yalifungwa mdomo, na mji mzima ukaichukua ikawa ya kila babu. Siwezi kuthibitisha kwa karatasi, ila tangu niyasome yale majina siwezi tena kuisikia hadithi ya ami kama uongo.

Ukitafuta na usimkute si mwisho. Ripoti ya CWGC yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba kwa vita vya kwanza tu kati ya watu 116,000 na labda 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kuna utaratibu wa kupendekeza jina, unahitaji ushahidi wa utumishi na wa kifo, na hapo ndio utashukuru kwamba hukuyawekea karatasi plastiki.

8. Kuandika na kukumbuka

Andika ukurasa mmoja. Mmoja! Jina kwa tahajia zote, namba, kikosi, meli au kambi, tarehe, alichofanya, alichorudi nacho, nani alisimulia. Chini yake tenga sehemu ya hadithi za nyumbani, uandike "alivyosimulia fulani", usiifute hadithi kwasababu karatasi inaikataa na usiitie juu ikajifanya cheti. Kama kuna ndugu anayesema alikuwa mtumwa wa Mzungu tu, andika na hilo, maana si kila mtu alikwenda kwa kupenda, na malipo ya kuachishwa yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Muafrika akapata kidogo kabisa. Usiweke namba za vitambulisho vya waliohai humo.

Siku ya kumkumbuka chagueni wenyewe. Wengine wanakwenda makaburi ya vita mwezi wa 11 na Wazungu, wengine wanafanya misa, sisi tulisoma khitma nyumbani na kutoa sadaka kwa jina lake, na jioni tukaenda Mama Ngina pale meli zinapoingia Kilindini. Ukienda baharini na maua toa nailoni na utepe kwanza. Makaburi ya Mbaraki Mombasa, ya Dar njia ya Bagamoyo, na Chapwani kwa boti kutoka Unguja, yote yanatembeleka, beba maji na kofia.

Tukiwa pale Mama Ngina nikawasomea watoto ule ukurasa, kwamba babu yao mkubwa alikuwa HMS Tana, hakuzama, alikuwa akiendesha boti kupeleka watu na mikate kwenye manowari zilizotia nanga, usiku bila taa, kwa miaka karibu mitatu. Meli ya makontena ikapita. Ami akainyooshea fimbo akaanza, "sasa yake ilikuwa kubwa kushinda hiyo, ikapigwa, akashika ubao..." Nikaweka simu kwenye hali ya ndege nikarekodi, dakika 14, faili linaitwa alivyosimulia-ami.